Antena ya Luberizi Ilipoacha Kuimba

Vijana wa atelier, karakana yetu ya redio, mmeniomba niandike mambo ya antena kabla sijayasahau. Niliwaambia siwezi kuyasahau, ninachoweza ni kuchoka. Lakini sasa niko nyumbani Cimpunda, hapa Bukavu, asubuhi hakuna anayenisubiri, na mkono bado unatafuta koleo. Basi niandike. Msitafute humu nilipandishwa cheo lini au nililipwa nini. Niliingia fundi nikatoka fundi, na kuhusu mshahara wa enzi za Zaïre, wanaoujua wananyamaza kwa heshima.

Nyinyi mna simu mfukoni, kwa hiyo nianze na phonie. Wakati ule misheni na zahanati za mbali hazikuwa na njia nyingine ya kuongea na Bukavu. Phonie ilikuwa redio iliyokula betri ya gari, yenye kipaza sauti chenye kifungo ubavuni. Ukibonyeza kifungo unasema, ukikiachia unasikia. Ukimaliza unasema "à vous", na mwenzako anasema yake. Kila asubuhi sisi wa Bukavu tuliita vituo kimoja baada ya kingine, na kila kituo kilisikia maneno ya vingine vyote. Nani amejifungua, nani amegombana na mpishi wa padri, mchele umepakiwa au haujapakiwa, Kivu nzima ilijua kabla ya chai. Atakayekwambia kwamba umbea wa hewani umeanza juzi, mcheke taratibu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Mkuu wa atelier, Papa Kalonda, aliniangalia kuanzia kola mpaka viatu.

"Ulikuja ku bureau ao ku antenne?"

"Ku antenne, Papa."

"Basi iyo chemise iage muzuri. Hautaiona tena."

Akanitwika bunda la waya na kunionyesha paa. Jioni shati lilikuwa na rangi ya paa.

Papa Kalonda alikuwa amefanya kazi ya redio jeshini, na jeshi lilimwachia mambo mawili, Kilingala na kutopenda mtu anayechelewa. Baada ya kazi alikuwa na starehe moja tu: alikuwa radioamateur. Juu ya nyumba yake pale Kadutu alisimamisha antena ya mabomba membamba ya alumini, akaongea na watu wa Brazili na Japani ambao hajawahi kuwaona. Kibali chake alikitundika ukutani mahali ambapo mgeni angekiona kabla ya kukaa, maana miaka ile mwenye antena juu ya nyumba alipata wageni wengi wenye maswali. Nilidhani anaongea na watu hao mambo makubwa. Kumbe walikuwa wakiambiana tu kama wanasikilizana vizuri, na kama kwao mvua inanyesha. Nikamwuliza faida yake nini.

"Yoka," alinijibu. Hilo ni neno la Kilingala, sikiliza. "Mutu eko mbali sana, na anakusikia. Unataka faida gani ingine?"

Nilimwona mzee wa ajabu. Baadaye nilimwelewa kuliko nilivyotaka.

Alinifundisha kwanza antena za waya. Usiukaze waya kama uzi wa gitaa, alisema, mti unayumba na waya utakatika. Upitishe kwenye kapi, mwisho wake ufunge jiwe. Mti ukiyumba, jiwe litapanda na kushuka, na waya hautajua kitu. Alinifundisha kutokanyaga waya uliolala chini, kutomwamini mkaratusi mchanga, na kutopanda mlingoti baada ya pombe ya ndizi, hata ile unayoambiwa ni juisi. Haya yote bado ni kweli, nawaachia kama nilivyopewa.

Kisha likaja jambo la Luberizi. Kule bondeni, kwenye mashamba ya mpunga ya Ruzizi, hakukuwa na miti mirefu karibu na zahanati ya kutundikia waya, na waya wa shaba wenyewe ulikuwa ukiibwa na kugeuka bangili kabla ya wiki kwisha. Papa Kalonda akatengeneza antena ya namna ya radioamateur: mabomba mawili marefu ya alumini, moja kushoto na moja kulia, yamebanwa katikati juu ya mlingoti wa chuma. Mimi ndiye niliyeshuka kuisimamisha. Tulipita milima ya Ngomo kwa Land Rover, barabara ambayo upande mmoja ni ukuta na upande wa pili ni sala, tukatokea kwenye joto.

Aliyekuwa akishika phonie ya zahanati ile alikuwa muuguzi, anaitwa Nabintu. Kwao ni Lwiro, kule milimani, na baba yake alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti pale. Alikuwa amezoea ukungu na sweta, sasa amepangiwa mahali ambapo hata maji ya mtungi yanakuja na uvuguvugu. Aliponiona, salamu yake ya kwanza haikuhusu antena.

"Kule juu kuko baridi?"

"Leo asubuhi ilikuwa baridi sana. Ukungu ilifunika ziwa yote."

Alifumba macho kidogo. "Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena. Nikaongeza na mvua, ambayo kwa kweli haikunyesha. Sijui kama mtu anaweza kupendwa kwa sababu ya hali ya hewa, lakini najua kwamba mimi nilipenda siku ile, nikiwa nimesimama na spana mkononi na jasho likiniingia machoni.

Antena ilifanya kazi. Kila asubuhi nilimsikia: "Bukavu, Bukavu, huyu Luberizi." Alikuwa akitoa habari za wagonjwa na dawa, kisha mwishoni anauliza, kama swali la kazi: "Na hali ya hewa ya Bukavu, à vous?" Nilimpa ukungu wote niliokuwa nao. Halafu nami nauliza, kama swali la kazi: "Na antena, à vous?"

"Inaimba, Bukavu. Inaimba sana. À vous."

Hapa ndipo penye kosa letu, na nadhani ni sisi watu wa phonie tu tungeweza kulifanya. Kila jioni karibu na jua kuzama, upepo mwembamba ulivuma bondeni, sawasawa, bila kuzidi wala kupungua, na yale mabomba yakatoa sauti kama mtu anayevuma wimbo amefunga mdomo. Vituo vyetu vyote, hata vile vya waya, viliamini kwamba antena inayoimba ina nguvu. Walijivunia hewani. Katika kituo kimoja mlinzi alifunga kamba ya nguo kwenye antena, ikanyamaza. Mkuu wake akamfokea na kukata kamba ili nguvu irudi. Luberizi watu walikuwa wakitoka nje jioni kusikiliza. Nabintu aliniambia kwamba analala usingizi mzuri tangu antena ije, kwa sababu ya ile sauti.

Kabla ya msimu kwisha, bomba la kushoto lilivunjika na kuanguka kwenye bustani ya masista wenye zahanati. Hakukuwa na dhoruba. Nilishuka, nikachomeka bomba dogo ndani ya lililovunjika, nikaliunga, nikakaza vibanio kwa nguvu zangu zote. Nilimletea Nabintu vitunguu vya majani na kabichi za kwetu mlimani, akanipikia mchele wa Luberizi na samaki, tukala kwenye kibaraza masista wakipita na kurudi, kila mmoja amesahau kitu. Sikusema lolote la maana. Nilieleza jinsi kibanio kinavyokazwa.

Baadaye likavunjika la kulia. Safari hii nilipofika Nabintu hakuulizia baridi. Siku phonie ilipokufa, mama mmoja alikuwa akijifungua vibaya, na Nabintu alibonyeza kile kifungo akiita gari ya Bukavu, akiita kituo chochote, bila kusikiwa na mtu. Mama aliokoka, kwa sababu lori la mchele lilipita kwa bahati na kumbeba. Mtoto hakuokoka.

"Niliita sana," aliniambia. "Niliita mupaka nikasahau ya kuachia kifungo. Juu ya nini inavunjikaka, wakati inaimba muzuri vile?"

Nilirudi Bukavu na vipande vya bomba na swali lile, nikaviweka vyote mbele ya Papa Kalonda. Hakutazama vipande. Aliuliza kitu kimoja: "Inaimbaka?"

"Inaimba sana, Papa."

"Ile wimbo njo inaiua."

Alinipeleka kwake Kadutu jioni, akaniambia nishike mlingoti wa antena yake. Upepo wa ziwani ulikuwa ukivuma, ule mpole wa kukausha nguo. Sikusikia sauti, wala mkono wangu haukuhisi kitu. Kisha alichukua kipande cha waya, akakikunja huku na huku polepole mbele ya macho yangu, hakutumia nguvu yoyote, mpaka kikakatika.

"Mopepe ya nguvu inasukuma, kisha inaenda," akasema. Mopepe ni upepo, na tiyo ni bomba. "Inasukuma vibaya vibaya, haina mupango. Lakini ile ya pole inakamata tiyo na mwendo yake yenyewe, tiyo inatikisika siku yote, pale unabana. Na weye ulikaza zaidi. Chuma nayo inachokaka."

Kwa hiyo vijana, andikeni hili kichwani. Dhoruba ndiyo inayotutisha, na kwa kweli huangusha milingoti iliyofungwa vibaya. Lakini bomba lililosimamishwa vizuri huliwa na upepo mdogo wa kila siku. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi nguo yetu tulikuwa tunaishangilia ikiimba. Ule wimbo ni bomba kutetemeka, na kutetemeka ndiko kunakolichosha pale kwenye kibanio mpaka linapata ufa usioonekana.

Dawa yake ni kamba, ile iliyokuwa imelala ndani ya mabomba ya Papa Kalonda kule Kadutu, na ambayo hakudhani upepo wa bondeni ungeidai. Ingiza kamba ndani ya bomba, kutoka mwanzo hadi mwisho, iwe imelala tu bila kuvutwa, na uifunge kwenye ncha ya nje peke yake. Bomba likianza kutetemeka, kamba inagongagonga ndani na kumeza ule mtetemo. Usitumie katani, inakunywa maji na kuoza. Tumia nailoni ya wavuvi. Ziba ncha kwa kizibo, lakini toboa tundu dogo upande wa chini ili maji yatoke, maana upepo ukipita kwenye ncha iliyo wazi unapiga filimbi nyingine. Pale penye kibanio vika bomba la pili fupi juu ya la kwanza, na kingo za kibanio zisiwe kali. Na debe tupu haliachi kuvuma, kwa hiyo mtu akijisifu kwamba antena yake inaimba, mwulize kamba iko wapi.

Papa Kalonda alinipa nailoni kutoka kwenye akiba yake mwenyewe. Aliniona nimeishika bila kuondoka.

"Iko nini tena?"

"Hakuna kitu, Papa."

"Iko kitu. Ukitengeneza vile nimekuonesha, haitavunjika. Na kama haivunjike, hautashuka tena kule." Alicheka mpaka akakohoa. "Masikini ya Mungu! Fundi muzuri atakufa kapera."

Nilicheka naye, lakini moyo ulikuwa umenishuka. Yeye alikuwa ametaja kwa mzaha kile nilichokuwa nakikimbia tangu nilipoelewa kazi ya ile kamba. Msinielewe vibaya, sikufikiri hata kidogo kuiacha kamba Bukavu. Nilikuwa nimesikia habari za yule mama. Nilichotaka ni Luberizi iwe na antena isiyovunjika na mimi niwe na sababu ya kwenda Luberizi, na mambo hayo mawili hayakukaa katika Land Rover moja.

Mtaniuliza kwa nini nisingekwenda tu. Barabarani askari walitaka ordre de mission, karatasi ya kukutuma kazini. Masista hawakupokea kijana asiye ndugu wala fundi wa kazi. Na kwetu, mwanamume akienda kumtembelea binti wa watu bila neno lolote lililotangulia, jina linaloharibika ni la binti. Ningeweza kupanda Lwiro kwa baba yake, lakini ningemwambia nini? Binti mwenyewe hajanipa hata nusu ya neno, na njia yangu pekee ya kumwuliza ilikuwa na masikio ya Kivu nzima.

Nilishuka nikaifanya ile kazi kama sijawahi kufanya nyingine. Niliteremsha mabomba yote mawili, nikaingiza kamba, nikavika mabomba mafupi, nikalainisha kingo kwa tupa, nikaziba na kutoboa. Nabintu alinishikia kamba upande wa pili. Jioni antena ikiwa juu tulisimama chini yake kungojea upepo. Ukaja, mpunga ukalala upande mmoja, nguo za masista zikapepea. Juu, kimya.

"Haiimbe?"

"Haitaimba tena. Njo vile itabakia."

"Nilizoea kulala na ile sauti," akasema. Halafu, bila kunitazama: "Kwa hiyo hautarudia."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema, na kila fundi aliyewahi kupenda anajua nilisema nini. Nilisema kwamba ikitokea pane, yaani chombo kuharibika, atuite.

Haikutokea pane. Mvua zilikuja na radi zake, kiangazi kikaja na vumbi lake, vituo vingine vikavunjika nami nikatumwa kila upande isipokuwa ule niliotaka. Kila asubuhi Nabintu aliripoti: "Antena muzima, à vous." Wenzangu walinipongeza. Papa Kalonda alinisifu mbele ya watu, jambo alilolifanya mara chache kama kupatwa kwa jua. Na mimi niliitikia "reçu", nimepokea, na kuhisi kama mtu aliyejenga ukuta mzuri akajikuta yuko upande usio wake. Nilimtamani hata katika vipindi vya hewa chafu, redio ikikoroma, sauti yake ikija na kuzama. Hasa wakati huo. Alikuwa bado anaulizia hali ya hewa, lakini kwa ufupi. Kisha akaacha kuuliza. Asubuhi hizo ukungu wa ziwa ulikuwa mzuri kupita kiasi, na sikuwa na wa kumwambia.

Nikasikia kwamba atahamishiwa mbali zaidi, upande wa kusini, kwenye kituo ambacho si chetu na hakina phonie yetu. Nilisikia kama walivyosikia wengine wote, hewani, katikati ya habari za mafuta ya taa. Siku zile nililala vibaya na kula vibaya, na niliunguza kwa chuma cha kulehemu vitu ambavyo havikuwa na kosa.

Asubuhi moja tukaita vituo kama kawaida. Zamu yake ikafika.

"Bukavu, huyu Luberizi. Bagonjwa beko vizuri. Dawa ilifika. Antena iko muzima, haina pane hata moja." Kifungo hakukiachia, tulisikia kuku wa zahanati wakilia nyuma yake. "Haina pane. Lakini kuja. À vous."

Kuja, kwa Kiswahili chetu, ni njoo, na Kivu nzima ilikuwa imeisikia. Hakuna kituo kilichokohoa. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza na nilikuwa nikiiangalia kama ya mtu mwingine. Kisha kutoka milimani sauti nzito ya padri mmoja mzee ikaingia bila kuitwa: "Bukavu, tunangojea." Na kituo kingine: "Bukavu, jibu mutoto wa batu!" Nikabonyeza kifungo. Nilikishika tu, na kwa kukishika nikawa nimewafungia wote njia.

Papa Kalonda aliweka kikombe chake chini. "Sema, ao achilia," akaniambia polepole. "Ukikamata vile, hauwezi kumusikia, na yeye hawezi kukuita tena."

"Luberizi, huyu Bukavu," nikasema. "Reçu. Nakuja. À vous."

Kelele zilizofuata hewani siwezi kuziandika. Baadhi zilikuwa za masista.

Nilishuka na lori la mchele, juu ya magunia matupu. Askari wa kwanza aliniuliza ordre de mission, nikamwambia naenda kuposa. Aliniangalia, akaita mwenzake aje aone mtu anayeposa bila hata mbuzi, wakanipitisha kwa kicheko. Nabintu alikuwa amesimama kwenye kibaraza, amevaa sare yake nyeupe. Alitazama mikono yangu, haina spana wala koleo.

"Bintu ya kazi iko wapi?"

"Sikuleta."

Hapo ndipo aliposhuka ngazi.

Ng'ombe walipanda Lwiro kwa baba yake kama desturi inavyotaka, na yeye akarudi kwenye baridi, hapa Cimpunda, akazeeka na sweta zake akinilaumu kwamba nilimdanganya, baridi si kali hivyo. Tuliishi chumba kwa chumba, hatukuhitaji redio. Ametangulia, sasa ni kiangazi cha pili.

Mnapokuja kunitembelea mnaniuliza kama natamani kazi. Mnadhani ninaposimama mlangoni asubuhi natazama milingoti ya Kadutu. Kazi nilishiba, wanangu, na antena zenu zitasimama bila mimi mkikumbuka kamba. Ninasimama pale kwa sababu ndiyo saa aliyokuwa akiniita, na mtu aliyewahi kuambiwa "kuja" na sauti ile, mbele ya nchi nzima, hawezi kukaa ndani saa hiyo. Ningeambiwa tena leo, ningeondoka hivi nilivyo, bila viatu.